Kabla ya Makasi Kugusa Leso

Leso, au kanga, haikatwi kama kitambaa kingine. Ina pindo pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Ukiitia makasi bila kuyafikiria hayo matatu, nguo itakayotoka kila mpita njia wa Marikiti ataiona kasoro yake, hata kama hajawahi kukalia cherehani maishani mwake.

Nimeanza na leso kwa sababu ndiyo iliyonifunza jambo ninaloliona kubwa kuliko yote katika ubunifu wa mavazi: nguo nyingi huharibikia mezani. Mshono uliopinda hufumuliwa ukashonwa tena, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Na anayesomea kazi hii Mombasa ana aina mbili za ukataji mbele yake. Kuna ule wa chuoni, wa paterni ya karatasi inayofuata mwili kwa dati, yaani mikunjo iliyoshonwa kufuata umbo, na mizingo. Kuna na ule wa Pwani wa tangu na tangu, wa vipande vilivyonyooka: kanzu, dera, kikoi, leso yenyewe. Wanafunzi wengi huuona huu wa pili kuwa wa wazee, halafu mwaka wa mwisho wanashangaa kwa nini gauni lao la leso limekwenda upogo. Leso nitairudia, kwa sababu ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kwanza yale yanayotangulia.

Chuoni tunafundishwa kwa sentimita. Mtaani, kuanzia Majengo mpaka Likoni, fundi na mteja wanazungumza kwa inchi. Ukishika kimoja hakuna ubaya. Ubaya ni kurukaruka kati ya hivi viwili. Inchi moja ni sentimita 2.54, na wengi huhesabu 2.5 kwa wepesi. Nyonga ya inchi 40 ni sentimita 101.6, kwa hesabu ya mkato unapata 100. Hiyo sentimita 1.6 iliyopotea, kwenye sketi ya kubana, inatosha kuifanya zipu ikatae kupanda. Pima kwa kipimo kile kile utakachochorea. Tepu nayo huzeeka. Zile laini za plastiki huvutika, kwa hivyo kila baada ya miezi kadhaa ilaze sambamba na rula ya chuma, na ikipishana nayo hata kwa nusu sentimita katika mita moja, itupe.

Kiuno usikikisie kwa macho. Funga lasitiki nyembamba tumboni, mwambie mtu ainame kushoto na kulia mara mbili tatu, nayo itatulia yenyewe palipo na kiuno chake. Kuanzia hapo ndipo unapopima urefu wa mgongo kutoka kifundo cha shingo, na ndipo unaposhuka sentimita 20 hadi 22 kutafuta nyonga. Mteja akija amevaa buibui usimpime juu yake. Buibui na gauni la ndani vikishikana vinaongeza sentimita kadhaa kifuani bila wewe kujua. Mpe faragha ya pazia, abaki na nguo nyepesi, na kama fundi ni mwanamume, tepu ishikwe na mwanamke mwenzake, fundi aandike namba zinazosomwa kutoka upande wa pili. Nimeona mafundi wakiona haya kuomba hivyo, wakakisia. Na kukisia ndiko kunakoleta blauzi zinazofunguka vifungo kifuani.

Juu ya kipimo cha mwili huja nafasi ya kupumua. Kwa blauzi ya kitambaa kisichovutika, vitabu vya chuoni husema sentimita 6 hadi 8 kifuani. Kwa Mombasa mimi naenda 8 hadi 10. Nguo inayogusa ngozi kila mahali huloa mgongoni na makwapani kabla hata ya saa nne asubuhi, na kitambaa kilicholoa hung'ang'ania mwili na kuchanika kwenye mshono wa nyuma wa mkono mtu anapoinua mkono kushika chuma cha matatu.

Baada ya karatasi huja nguo ya majaribio. Bafta inafaa sana. Marikani pia, kitambaa kilichopata jina lake kwa sababu kililetwa pwani hii na meli za Wamarekani katika karne ya 19. Lakini mwanafunzi asiye na pesa aende Kongowea akanunue shuka kuukuu za mitumba. Shuka iliyofuliwa miaka mingi haipungui tena, na ukiikosea roho haikuumi. Ina kasoro moja tu: nyuzi zake zimeshavutika upande. Chana ukingo wake kidogo kwa mkasi, kamata uzi mmoja wa mshindio, yaani wa upana, uvute taratibu. Utaacha mstari mwembamba katika kitambaa. Mstari huo ukienda sambamba na ukingo uliokunjwa, uko salama. Ukipinda, ilowesheni shuka, mtu mmoja ashike pembe hii na mwingine pembe iliyo mkabala nayo, mvute mpaka mstari unyooke, kisha mwipige pasi ikiwa bado mbichi.

Hapa ndipo mafunzo yote yanapokutana, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mtande, yaani nyuzi za urefu, hauvutiki sana. Mshindio, nyuzi za upana, huvutika kidogo. Mshazari, yaani kona kwa kona, huvutika sana na huning'inia. Ule mshale unaochorwa kwenye paterni si pambo. Unalazwa sambamba na mtande, na namna ya kuhakikisha ni kupima kutoka ncha ya juu ya mshale hadi ukingo wa kitambaa, kisha kutoka ncha ya chini hadi ukingo huo huo. Namba zilingane. Zikipishana nusu sentimita, ng'oa pini ulaze upya. Suruali ambayo mshale wake ulipinda utaijua ikivaliwa: mshono wa pembeni unazunguka na kuja mbele kwenye ugoko, na hakuna pasi wala kufumua kutakakoirekebisha.

Jaribio la kupungua nalo halichukui hata saa moja. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kifue, kikaushe, kikunjue kwa pasi, kipime. Kikirudi na 29 upande wa urefu, kitambaa kinapungua kwa asilimia 3.3 hivi, na gauni la sentimita 120 litakuwa fupi kwa 4 baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Basi fua kitambaa chote kabla ya kukata. Anayesema hana muda wa hilo atautafuta muda huo baadaye, mteja akiwa amesimama mlangoni na gauni mkononi.

Kuhusu cherehani sitasema mengi. Uzi ukijazana chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, kosa karibu kila mara liko juu: uzi ulipitishwa mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, zile sahani za kubana uzi zikawa zimefunga, uzi haukuingia kati yake. Inua mguu, toa uzi wote, pitisha upya. Mshono ukiruka, badilisha sindano kabla ya kugusa skrubu yoyote. Namba 70/10 ni ya shifoni na vitambaa vyepesi vya dera, 80/12 ya leso na bafta, 90/14 ya kikoi kizito, 100/16 ya jinzi. Kupima ubanaji, weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, shona kwenye kipande cha kitambaa chenyewe kilichokunjwa. Wekundu ukitokeza upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Na kwa sisi tulio karibu na bahari, kutu haina likizo. Usiache pini kwenye kitambaa usiku kucha. Doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa sabuni; ndimu na chumvi juani huweza kulififisha, lakini kitambaa tayari kimeumia. Ukishatia mafuta cherehani, shona kwanza kwenye tambara mpaka lisioneshe alama hata moja.

Kanzu ndiyo darasa lenyewe la mistari iliyonyooka, na namsihi kila mwanafunzi ashone angalau moja kabla hajamaliza. Ajue na majina ya vipande vyake. Badani ni mwili wa kanzu, mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyopanuka kuelekea chini. Kikwapa ni kile kidogo cha chini ya kwapa. Kaba ni kitambaa cha ndani cha shingo. Sijafu ni upindo wa mwisho wa mkono. Tazama hekima yake: taharizi hukatwa kutoka mstatili mmoja uliopasuliwa kwa mshazari, ukapata vipande viwili vyenye ncha nyembamba juu na pana chini, wala hakuna kipande kilichotupwa.

Lakini upasuaji ule umeacha kila taharizi na ubavu mmoja ulionyooka na mmoja wa mshazari. Ubavu wa mshazari ndio ushonwe kwenye badani, ambayo ukingo wake umenyooka na utauzuia usining'inie. Zile mbavu mbili zilizonyooka, ya taharizi ya mbele na ya nyuma, ndizo zikutane ubavuni. Ukiunganisha mshazari kwa mshazari, kanzu itachovya pembeni, upande ukiwa mrefu kuliko mbele. Unaposhona, laza kipande cha mshazari chini na badani juu, kwa sababu meno ya cherehani huvuta safu ya chini kwenda mbele na kuila ile ziada ya kuvutika. Na shona kutoka chini kupanda juu, kutoka upana kwenda wembamba. Ukishona kwa kuteremka, mwisho wa mshono utakuta safu moja imezidi kwa sentimita 1 au 2, na kishawishi kitakuwa kuikata. Usiikate, fumua.

Kikwapa ni mahali ambapo kanzu nyingi za wanafunzi huchanikia. Kwa mtu mzima, mraba wa sentimita 10 ukishashonwa unatosha, kwa hivyo kata 12 kwa 12 upate sentimita 1 ya mshono kila upande. Weka alama ya penseli kwenye kila kona, pale mistari ya mshono inapokutana, sentimita 1 kutoka kila ukingo. Shona kutoka alama hadi alama, si kutoka ukingo hadi ukingo. Ukifika kwenye alama, sindano ibaki imezama kitambaani, inua mguu, zungusha kitambaa, shusha mguu, endelea. Kisha chana badani kuelekea kwenye ile kona kwa ncha ya makasi, ukome nyuzi mbili kabla ya mshono. Ukikoma mbali, kona itafanya kikunjo ambacho pasi haitakiondoa. Ukipita mshono hata kwa uzi mmoja, shimo litafunguka siku ya kufua. Kinga yake ni ndogo: kabla ya kuchana, weka nyuma ya kona kiraka cha bafta cha sentimita 3 na ukishone pamoja. Hakionekani, na mkono utainuka hadi kwenye takbira bila kanzu yote kupanda.

Shingo nayo. Ukichora duara la shingo kwa kipimo unachotaka ukalikata hapo hapo, halafu mshono wa kaba ukala sentimita 1 kuzunguka, duara limekua kwa sentimita 6 na ushee. Hesabu ni ile ya shule: 2 mara 3.14 mara 1. Shingo ya 40 imekuwa 46 na kanzu inateleza mabegani. Kata duara dogo, sentimita 1 ndani ya mstari wako, kila mara. Ukishaunganisha kaba, chana mshono kila baada ya sentimita 1, ulaze upande wa kaba, upitishe mshono mwembamba juu ya kaba, milimita 2 kutoka ukingoni. Huo ndio unaoizuia kaba isichungulie nje.

Mkono wa kuchonga wa chuoni hutatua tatizo lile lile la kuinua mkono kwa njia nyingine. Kichwa cha mkono hukatwa kikubwa kuliko tundu lake, kwa sentimita 2 hadi 4, ziada ikafinywa kidogo kidogo begani. Kwa pamba, 3 au 4 inaingia vizuri. Kwa poliesta iliyofumwa kwa kubana haiingii zaidi ya 2, itabaki na vikunjo kama mdomo wa mfuko. Wengi hudhani wamekosea kushona, kumbe wametumia paterni ya pamba kwenye poliesta.

Dera linaonekana jepesi na ndilo linalowaaibisha wengi. Mita 3 za kitambaa chenye upana wa 150 zinakunjwa mabegani, linabaki na urefu wa 150 mbele na nyuma kabla ya upindo. Kazi yote iko katika utelezi wa kitambaa. Kilaze mezani tangu usiku wa jana, kitulie. Tandika magazeti meupe yasiyochapwa chini yake, ubane kitambaa na karatasi kwa pamoja, ukate vyote viwili kwa mara moja. Mshono wa ubavuni uwe wa Kifaransa, kwa sababu shifoni huchanuka nyuzi na ndani ya dera huonekana mtu akitembea upepo wa bahari pale Mama Ngina ukimpata: kwanza shona pande za nyuma zikiwa zimekutana, nusu sentimita, punguza ubaki na milimita 3, geuza, shona tena sentimita 0.7. Jumla umetumia 1.2, na lazima hiyo iwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Urefu wa mshono 2 mm. Sindano ikiwa butu utaona uzi mmoja umevutika kama mkwaruzo upana mzima wa dera, na hauondoki.

Kikoi kwa ufupi: kinachanuka haraka, kwa hivyo pitisha mshono kwenye mstari wa kukatia kabla ya kukata, na mistari yake ya rangi ikutane ubavuni. Kama haikutani, afadhali ubavu mmoja uwe na rangi moja tupu.

Pasi ndiyo inayotenganisha nguo ya fundi na ya mwanafunzi, na wanafunzi huiacha mpaka mwisho. Kila mshono upigwe pasi kabla haujakatizwa na mshono mwingine: kwanza ukiwa umelala kama ulivyoshonwa, ndipo ufunguliwe. Dati la kifua lilazwe kuelekea chini, la kiuno kuelekea katikati. Ncha ya dati isipigwe mshono wa kurudi nyuma. Hatua tatu nne za mwisho za sindano zipite kwenye ukingo kabisa wa kunjo, kisha acha nyuzi ndefu, uzifunge fundo kwa mkono. Mshono wa kurudi nyuma unatengeneza kinundu kinachoonekana kama chunusi, hasa kwenye satini. Dati liishie sentimita 2 hadi 2.5 kabla ya ncha ya ziwa, si juu yake. Unayetumia pasi ya makaa, ipangushe kitako kwa tambara bichi kila unapoinua, na juu ya kitambaa cheupe tandika bafta. Poliesta huyeyuka bila kutoa onyo, kwa hivyo jaribu kwenye kipande kwanza.

Kwa anayejiandaa na mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda ya Kenya, unaoanzia Gredi ya III hadi ya I, kumbuka kuwa nguo huhukumiwa na upande wake wa ndani pia. Nyuzi zinazoning'inia, ovaloki iliyokula mshono, stifu (kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi) iliyopanda mapovu kwa sababu pasi iliburuzwa badala ya kushindiliwa, yote yako ndani. Stifu ishindiliwe sekunde 10 hadi 12 mahali pamoja, inua, hamia pengine, na usiiguse mpaka ipoe.

Kumi la mwisho la Ramadhani ni mtihani mwingine. Oda zinapojaa, zisishonwe moja moja. Kata zote, unganisha mabega yote, kisha mikono yote. Hatari ni vipande kuchanganyika, na weupe wa kanzu kumi ni weupe mmoja. Kila fungu lifungwe kwa utepe wa kitambaa chake lenyewe, na karatasi yenye jina na vipimo ishonwe kwa bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, kwenye badani, isibanwe kwa pini.

Sasa leso. Kazi ninayompa kipaumbele mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ni gauni la kufungua mbele kutoka doti moja, yaani leso mbili za jozi, ambalo pindo linashuka bila kukatika kutoka shingoni hadi miguuni, na kuzunguka chini.

Unaponunua pale Biashara Street, kunjua doti yote kabla ya kulipa. Angalia kama chapa imekaa sawa na nyuzi: kunja leso katikati, ukingo kwa ukingo, uone kama pindo zinakutana. Zikipishana chini ya sentimita 1.5, fuata chapa wakati wa kukata, kwa sababu jicho huona pindo kabla ya kuona uzi. Zikipishana zaidi ya hapo, omba nyingine. Kisha iloweke peke yake katika maji baridi, mara nyingi kadiri inavyohitaji, mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazotoa rangi sana. Chumvi ambayo wengi huitia haishikishi rangi. Kinachosaidia ni maji baridi, kuyabadilisha mara kwa mara na kutoiacha imekunjwa ikiwa mbichi. Wanga wa dukani ukishatoka, leso inalegea na kupungua. Ya 150 kwa 110 inaweza kurudi na 146 kwa 107. Namba hizi mpya ndizo za kuchorea.

Mtande wa leso unakwenda na ule urefu wa 146. Kwa hivyo gauni likifuata pindo, mtande utazunguka mwili badala ya kushuka nao, kinyume na mshale wa paterni. Hapa tunavunja kanuni tukijua. Sharti moja: vipande vyote viivunje kwa pamoja, mbele, nyuma, mikono na sketi. Kipande kimoja kikigeuka, kitaning'inia tofauti na wenzake.

Leso ya kwanza ni sketi. Pindo refu la chini liwe chini, na kata sentimita 75 kwenda juu. Upindo mwembamba ukila sentimita 1, na mshono wa kiuno 1.5, utabaki na sketi ya 72 na nusu. Jina litaangukia katikati ya nyuma, chini, mahali ambapo leso ikivaliwa hukaa. Lisome kabla ya kukata. Kuna maneno ambayo mama mkwe hawezi kuzawadiwa, na mteja akigundua harusini lawama ni zako. Utepe uliobaki wa juu, wenye upana wa 32 na pindo lake, ni mikono miwili, pindo likikaa kwenye kiwiko.

Leso ya pili ni blauzi. Mbele ya kushoto na ya kulia zinakatwa kutoka ncha mbili za leso, ili pindo za ubavuni zije kukutana kifuani. Tuseme pindo hilo lina sentimita 10. Mstari wa katikati ya mbele upite kwenye sentimita ya 5 ya pindo, pande zote mbili. Pindo la kulia litalala juu ya la kushoto, litaonekana moja tu, na vifungo vitashuka katikati yake. Nje ya pindo hakuna kitambaa cha kukunjia, kwa hivyo ukingo unamaliziwa kwa utepe wa bafta uliotiwa stifu, upana wa 6, ukageuzwa ndani.

Michoro mikubwa ya mji ndiyo inayoharibu vifua. Duara au embe likikaa juu ya ziwa moja, hakuna atakayeangalia ushonaji. Toboa dirisha la umbo la kipande kwenye karatasi, liteleze juu ya leso mpaka uridhike, ndipo uchore. Dati nazo zikatazo mchoro zihamishie kiunoni, uzifanye mikunjo midogo.

Sketi ina kama sentimita 124 za kukunja ziingie kwenye 66 za kiuno, ukishaondoa pindo la mbele ambalo halikunjwi kamwe. Ni karibu mara mbili, na leso inakubali vizuri. Shona mistari miwili ya mshono mrefu wa 4 mm, mmoja sentimita 1 kutoka ukingoni, wa pili sentimita 2, ili mshono halisi wa 1.5 upite katikati yake. Bobini iwe na uzi wa rangi tofauti, huo ndio utakaouvuta. Gawa sketi mara nane, kiuno mara nane, bana pini alama kwa alama, ndipo uvute. Mwenye kutumia mstari mmoja ataona mikunjo inajiviringisha chini ya mguu wa cherehani na kulala upande, na uzi ukikatika anaanza upya. Ukishashona, fumua mstari wa chini. Fungua mbele sentimita 20 chini ya kiuno kwa vifungo, zilizobaki funga kwa mshono unaofuata ukingo wa pindo mpaka chini.

Litundike usiku mmoja kabla ya upindo, mshindio unaoshuka utavutika kidogo. Mabaki ya mji usiyatupe. Kunja kipande cha kiganja kimoja ukishone kwa bandi ndani ya mshono wa ubavuni, kilichobaki mpe mteja. Michoro ya leso hubadilika, na siku gauni litakapochanika kwapani, huenda doti ile haipo tena katika duka lolote la Biashara Street.